Nani Aliyeishinda Ebola?



Siku moja, baada ya somo la katekisimo, niliwauliza watoto swali lisilokuwamo kitabuni: "Ni nani aliyeishinda Ebola katika nchi yetu?" Mvulana wa mbele akajibu mbio: "Ni Wazungu, mwalimu." Wa pili akasema: "Ni chanjo." Msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akasema kwa sauti ndogo: "Ni Mungu." Sikuwakosoa, maana kila jibu lilikuwa na kweli yake. Walakini hakuna hata mmoja aliyesema: "Ni mama yule wa mtaa wetu," wala: "Ni kijana yule aliyekuwa akizika wafu." Nikarudi nyumbani nikiwaza. Kosa si la watoto. Sisi wakubwa hatukuwasimulia.

Ndiyo sababu ya makala hii. Nataka kuwasimulia habari za ugonjwa wa Ebola katika Kongo, lakini kwa upande usiosimuliwa mara nyingi: upande wa wenyeji waliotoa ujuzi wao kwa ajili ya jirani. Tutapita mahali patatu: Yambuku mwaka 1976, Kikwit mwaka 1995, kisha Beni na Butembo tangu mwaka 2018 mpaka mwaka 2020. Tutaona jambo moja likirudi kila mara: mgeni aweza kuleta dawa, lakini mwenyeji ndiye anayeleta imani ya watu. Na dawa isiyoaminiwa ni chupa tu.

1. Yambuku: wazee waliokumbuka ndui

Yambuku ni kijiji cha kaskazini mwa Kongo, upande wa Bumba. Masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali pale. Mwezi wa Septemba 1976 watu wakaanza kufa kwa homa kali, kutapika na kutoka damu. Hakuna aliyejua jina la ugonjwa. Katika hospitali ile sindano zilikuwa chache mno. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 tu, nazo zilitumika kwa watu wengi, zikisuuzwa katika maji ya moto kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hivyo, bila mtu kujua, mahali pa kuponya pakageuka kuwa mahali pa kuambukiza. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Ugonjwa ulipokwisha, watu 318 walikuwa wameugua, na 280 kati yao walikuwa wamekufa.

Serikali ilimtuma daktari kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa amesoma Ubelgiji habari za virusi. Alipowachukua wagonjwa damu hakuwa na glavu. Damu ilimtiririka mikononi, akanawa kwa sabuni. Sista mmoja mgonjwa akapelekwa Kinshasa, na damu yake ikatumwa mpaka Antwerp. Huko wataalamu waliona mdudu mpya, naye akapewa jina la mto Ebola, ili kijiji cha Yambuku kisibebe jina baya siku zote. Katika hospitali ya Ngaliema, Kinshasa, muuguzi Mayinga N'Seka alimhudumia Sista huyo, akaambukizwa, akafa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Mpaka leo aina ile ya kwanza ya virusi huitwa na wataalamu kwa jina lake: Mayinga.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Wataalamu wa nchi za mbali walipofika katika vijiji vya upande ule, walikuta njia nyingine zimekwisha kufungwa kwa magogo. Nani aliyezifunga? Ni wazee wenyewe. Walikuwa wamekumbuka ndui, ugonjwa uliowaua watu wengi zamani. Ndui ilikuwa imewafundisha kwamba maradhi ya namna hii husafiri pamoja na watu. Basi walikataza safari na kuwazuia wageni wasiingie. Hawakuwa na darubini, wala hawakujua neno "virusi". Walikuwa na ukumbusho, na ukumbusho ni ujuzi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla wageni hawajafungua masanduku yao.

2. Kikwit: damu ya waliopona

Miaka 19 ilipita. Mwaka 1995 Ebola ikatokea Kikwit, mji mkubwa uliokuwa wakati ule katika jimbo la Bandundu. Hapo pia ilipitia hospitalini. Fundi wa maabara alipasuliwa tumbo mwezi wa Aprili, na waliompasua na kumhudumia wakaanza kuugua mmoja mmoja. Masista 6 wa shirika la Bergamo, Waitalia waliokuwa wakiuguza wagonjwa wa Kongo kwa miaka mingi, walikufa katika muda wa majuma machache. Wa kwanza alikuwa Sista Floralba Rondi, aliyefariki tarehe 25 Aprili. Pamoja nao wakafa wauguzi wengi wa Kikongo, ambao majina yao hayakuandikwa sana katika magazeti ya Ulaya. Watu 315 waliugua, na katika kila wagonjwa 5 walikufa 4.

Nani aliwazika wafu hao? Ndugu walikuwa wakiogopa, na wengine walikuwa wamekimbia. Vijana wa Msalaba Mwekundu wa Kikwit waliifanya kazi ile. Walipita mitaani wakiokota maiti na kuzipeleka makaburini, huku watu wakiwafungia milango.

Daktari Muyembe alikuwapo tena. Katika mwezi wa Juni yeye na wenzake Wakongo walifikiri hivi: mtu aliyepona, damu yake imejifunza kupigana, huenda damu hiyo ikamsaidia mwingine. Waliwaomba waliopona watoe damu yao. Wakatoa. Wagonjwa 8 wakatiwa damu hiyo, na 7 wakapona. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki. Walisema: labda watu hao walikuwa wameanza kupona wenyewe. Neno lao halikuwa la upuuzi, kwa kuwa wagonjwa 8 ni wachache. Walakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu yake kwa ajili ya uchunguzi. Ndani yake wataalamu wakakuta kingamwili, ndio askari wa damu, waliokuwa bado wanamjua adui wao wa zamani. Kutokana na askari hao ilitengenezwa dawa iliyoitwa mAb114. Kumbukeni jina hilo, maana tutalikuta tena Beni. Na kumbukeni ilikotoka: haikutoka katika jani la msitu wala katika jiwe la thamani, bali katika mkono ulionyoshwa wa mtu wa Kikwit.

3. Beni na Butembo: ugonjwa ndani ya vita

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, karibu na mji wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Ilikuwa mara ya kumi kwa ugonjwa huo kutokea Kongo. Safari hii kulikuwa na chanjo, kulikuwa na dawa za kujaribiwa, kulikuwa na magari mengi na fedha nyingi. Mtu angedhani kwamba mambo yatakwisha upesi. Kumbe hayakwisha ila tarehe 25 Juni 2020, karibu miaka 2 baadaye. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote iliyopata kutokea Kongo mpaka mwaka ule. Kwa nini?

Wasomaji wa upande wetu wanalijua jibu. Tangu mwezi wa Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuandamana, watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga na bunduki. Walilia, na hawakuona magari mengi yakija. Ndipo ikaja Ebola, na magari yakajaa barabarani. Watu wakaulizana: "Tulipochinjwa mlikuwa wapi? Malaria inawaua watoto wetu kila juma, hamji. Surua inawaua, hamji. Mbona mnakuja kwa Ebola?" Tena mwezi wa Desemba 2018, wakati nchi nzima ilipopiga kura ya kumchagua Rais, Beni na Butembo ziliambiwa zingoje mpaka mwezi wa Machi, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais akaapishwa mwezi wa Januari, kura yao haijapigwa. Basi wengi walisema: "Ebola ni siasa."

Kazi ya kupigana na ugonjwa iliitwa kwa Kifaransa Riposte, na watu wetu wakasema Riposti. Neno hilo likawa neno la mashaka. Uvumi ulienea: kwamba wagonjwa wanauawa katika vituo, kwamba viungo vya maiti vinaibwa, kwamba masanduku ya wafu yamejazwa mawe. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, alipigwa risasi akafa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Wauguzi wa hapa hapa nao walitishwa, wengine walichomewa nyumba, wengine waliuawa.

Wakati huo huo dawa ilikuwa ikijaribiwa katika vituo 4: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo tangu mwezi wa Novemba 2018 mpaka mwezi wa Agosti 2019. Dawa 4 zililinganishwa. Kwa dawa 2 walikufa kama nusu ya wagonjwa. Kwa zile 2 nyingine walikufa kama 35 tu katika kila 100. Moja ya hizo mbili ndiyo mAb114, dawa iliyotoka katika damu ya Kikwit. Tena wale waliokuja mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, walikufa kama 10 au 11 tu katika kila 100.

Fikirini vizuri hesabu hiyo, ndugu zangu. Mtu akija mapema, karibu wote wanapona. Lakini mtu anayeogopa kituo haji mapema. Hujificha nyumbani, au huenda kwanza katika vijumba vya matibabu vya mtaani ambako dawa ya sindano na dawa ya miti huchanganywa, na huko huwaambukiza wengine. Anafika kituoni siku ya sita au ya saba, anakufa, na jirani wanasema: "Mmeona? Anayeingia mle hatoki." Hivyo hofu ilizaa kifo, na kifo kikazaa hofu. Mnyororo huo daktari wa mbali hakuweza kuukata. Uliweza kukatwa na mtu ambaye mgonjwa alijua mlango wa nyumba yake.

4. Mikono ya wenyeji

Kwanza nitasema juu ya waliopona. Mtu aliyepona Ebola huwa na kinga kwa muda mrefu, hivyo aweza kumgusa mgonjwa pasipo hatari kubwa kama ya mtu mwingine. Wengi wa wagonjwa walikuwa akina mama, nao walikuwa na watoto wa kunyonya. Mama alipoingia kituoni, mtoto wake aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja alipaswa kutengwa siku 21, kwa sababu labda ameambukizwa. Nani atamshika? Nyanya anaogopa, na kweli anapaswa kuogopa. Muuguzi amevaa nguo za plastiki toka kichwani mpaka miguuni, mtoto haoni uso wake. Basi huko Beni na Butembo karibu na vituo vya matibabu zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto hao, na walezi wake walikuwa wale wale waliopona. Wakawabeba, wakawapa maziwa, wakawaimbia, wakawalaza vifuani.

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa pili ulitoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametoka kaburini. Wengine kati yao walikuwa wamepoteza watoto wao wenyewe katika ugonjwa ule ule. Ujuzi wao haukuwa na diploma. Ulikuwa ujuzi wa mzazi, na kinga ambayo waliinunua kwa maumivu makali. Wengine waliingia mpaka ndani ya kituo, wakakaa karibu na wagonjwa wakubwa wakiwaambia kwa Kiswahili na kwa Kinande: "Nitazame mimi. Nililala juu ya kitanda hicho hicho. Kunywa maji." Maneno hayo hakuna daktari awezaye kuyasema kama hakuugua.

Pili, wale wazikaji. Maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana, na desturi yetu ni kuiosha na kuigusa kwa kuaga. Mwanzoni vijana wa Msalaba Mwekundu walipokuja wamekwisha kuvaa nguo nyeupe, watu waliwaona kama mizimu, wakawapiga mawe. Polepole kazi ikajifunzwa upya. Kwanza walikuja na nguo zao za kila siku, wakasalimu, wakatoa pole, wakakaa na wazee wa ukoo na kueleza. Kisha wakavaa mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja aone kwamba ndani ya nguo nyeupe yumo mtoto wa jirani. Familia ikachagua mahali pa kaburi, ikaombea wafu wake, ikaangalia kila kitu kwa mbali kidogo.

Tena wajitoleaji hao walifanya kazi nyingine ambayo haionekani: walisikiliza. Walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali na hata matusi ya watu, wakayapeleka kwa wakubwa. Ndipo wakubwa walipofahamu uvumi wa mawe na wa viungo vilivyoibwa, ikaletwa mifuko ya maiti yenye sehemu ya kuonea, ili ndugu wauone uso wa mpendwa wao kabla ya kumfukia. Vivyo hivyo huko Beni zilitumika vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, jamaa wakaweza kumtazama mgonjwa wao na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Na mahali ambapo magari hayakuweza kufika kwa sababu ya vita au ya chuki, watu wa kijiji wenyewe walifundishwa kuzika kwa usalama, wakapewa vifaa, wakazika.

Tatu, wale tunaowaita mareko, watu wa mtaa wanaosaidia kazi ya afya. Chanjo ya Ebola ilitolewa kwa mzunguko: mgonjwa mmoja akipatikana, hutafutwa wote waliomgusa, na wote waliowagusa hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa hivyo. Lakini nani anajua ni akina nani waliolala matanga kwa fulani? Nani anajua kwamba binti wa nyumba hii ameolewa kilima cha pili, na kwamba siku ile alikuja kumwosha mama yake? Kitabu cha mgeni hakiandiki hayo. Reko anayajua, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa matangani. Yeye ndiye aliyefuata watu siku 21, akibisha hodi asubuhi, akipima joto, akifukuzwa leo na kurudi kesho. Wamotari wanaojua kila kijia, wasemaji wa radio za mtaa waliojibu maswali kwa lugha ya nyumbani, mapadri, wachungaji na maimamu waliowafundisha waamini kuacha kushikana mikono kwa muda: kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

5. Jambo la fedha

Sasa lazima niseme jambo gumu. Ningelificha, wasomaji wa Beni na Butembo wangenicheka, kwa maana walikuwapo.

Riposti ilileta fedha nyingi, na fedha ziliingiza sumu. Magari yalikodiwa kwa bei kubwa, nafasi za kazi zilitafutwa kwa kujuana, na watu wakasema kwamba wengine hawataki Ebola iishe. Vibaya zaidi, mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake: wanaume 83 walishitakiwa kwamba walitumia kazi ile kuwatesa wanawake na kutaka miili yao, mara nyingi kwa kuwaahidi kazi. Wengine wao walikuwa wageni, wengine walikuwa wa nchi hii. Aibu hiyo hatuwezi kuitupa ng'ambo ya mpaka.

Je, wale niliowasifu hapo juu hawakulipwa? Wengi wao walipewa posho ya kila siku, na wengine, hasa mareko wa vijijini, walipata kidogo sana au hawakupata kitu. Nimesikia watu wakisema: "Aliyepokea posho si mjitoleaji." Mimi nasema hapana. Mama aliyeacha shamba lake ili alee mtoto wa mtu mwingine anapaswa kula, na watoto wake wanapaswa kula. Posho ya kununua unga haiondoi kujitolea. Tumpime mtu kwa swali lingine: Je, alikwenda mahali ambapo fedha peke yake zisingeweza kumpeleka? Hakuna posho inayotosha kumlipa mtu aliyepona Ebola arudi tena katika chumba kile alichokaribia kufia. Hakuna posho inayotosha kumlipa kijana apigwe mawe na jirani zake Jumatatu, na Jumanne arudi kuwazikia mtoto wao.

6. Ujuzi uliobaki

Je, mambo hayo yote yaliacha tunda? Naam, na hesabu yake ipo. Mwezi wa Februari 2021 Ebola ilitokea tena upande wa Butembo. Safari hii magari mengi hayakuja. Wauguzi wa hapa, mareko wa hapa na watu wa maabara wa Kongo walisimama wenyewe, kwa msaada mdogo wa nje. Wagonjwa walikuwa 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ikatokea Beni: wagonjwa 11, wakafa 9, na tarehe 16 Desemba ikakwisha. Mwezi wa Agosti 2022 ikatokea tena Beni: mgonjwa alikuwa mmoja tu, na hakuambukizwa mwingine.

Tuweke hesabu hizo pamoja: 3,470, kisha 12, kisha 11, kisha 1. Siwezi kusema kwamba sababu ni moja tu, maana chanjo na dawa zilikuwa tayari. Lakini chanjo ilikuwapo hata mwaka 2018. Kilichokuwa kipya mwaka 2021 ni watu: muuguzi wa dispansari ndogo aliyejua kuitambua homa ile, maabara ya karibu iliyoweza kupima damu upesi, na jirani aliyejua kwamba kituo si kaburi kwa kuwa alimwona mtu aliyetoka mle mzima. Mgeni alipofunga masanduku yake na kwenda, ujuzi haukupanda ndege pamoja naye. Ulikuwa umekwisha kukaa katika mikono ya wenyeji.

Tunayo hata hivyo deni ambalo hatujalilipa. Katika mlipuko ule mkubwa watu zaidi ya 1,100 walipona. Wengi wao walibaki na maumivu ya viungo na ya macho. Wengine waliporudi kijijini walikuta vitu vyao vimechomwa. Sokoni watu walikataa kupokea fedha zao, na waume au wake wakawakimbia. Ni kweli kwamba virusi vyaweza kujificha muda mrefu katika mwili wa mtu aliyepona, hasa katika mbegu za mwanamume. Hiyo ni sababu ya kumpeleka mara kwa mara kwa mganga apimwe na kusaidiwa. Si sababu ya kumfukuza. Tulipokuwa na shida ya mikono ya kuwashika watoto wetu tuliwaita washindi. Shida ilipokwisha, wengine wetu tuliwaita wachafu. Huo si uungwana.

Basi juma lililofuata niliwarudia watoto wangu wa katekisimo. Niliwasimulia habari za wazee wa Yambuku na magogo yao, za watu wa Kikwit na damu yao, za walezi wa Beni na Butembo. Nilipomaliza, msichana yule wa nyuma akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, kwetu yupo mama mmoja aliyepona. Watoto hawaendi kuchota maji pamoja naye." Nikamwuliza: "Na wewe?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kesho nitakwenda."

Nani aliyeishinda Ebola? Ningependa kila msomaji alijibu swali hilo kwa kutaja angalau jina moja la mtu wa mtaa wake. Na kama mtu huyo yu hai, amtembelee.